Pombe Nyeusi Tuliyoipeleka Dindira

Kaka yangu alitaka niseme nimeokoka. Tulikuwa bado nyumbani Handeni, ndoo za pombe zimeshapangwa ndani ya gari la kukodi, na wifi yangu amekwishaingia na kukaa. Kaka akanivuta hadi nyuma ya banda la kuku.

"Wakikuuliza kwa nini huonji, waambie umeokoka."

"Mlokole aliyepika pombe?"

"Umeokoka juzi."

"Juzi nilikuwa nachuja."

"Dada, usinitie aibu mbele ya wakwe," akasema, akaenda kukaa mbele karibu na dereva kama mtu aliyemaliza kazi.

Ili uelewe hasira niliyopanda nayo gari siku ile, nianze na desturi yenyewe. Kwa ukoo tuliokuwa tunakwenda kuposa, pombe ya posa haifunguliwi na mwenyeji. Aliyeipika hupiga magoti mbele ya mjomba wa binti, akachota kwa kata, akanywa funda la kwanza watu wote wakimwangalia, kisha akampa mjomba ile kata. Maana yake haihitaji maelezo: nilichokuletea, mimi mwenyewe nakiweka tumboni. Mpishi asipoonja, mjomba hanywi. Mjomba asipokunywa, hakuna posa. Ni desturi nzuri, nami siigombi hata leo.

Shida ni kwamba mpishi nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa katikati ya dozi ya kifua kikuu.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amenieleza vizuri. Vidonge vile vinapita kwenye ini, na pombe nayo inapita huko huko. Ukivichanganya unalibebesha ini mizigo miwili kwa wakati mmoja, nalo likichoka, dawa inasimamishwa na ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Akaniambia nisionje hata kidogo mpaka nimalize. Baada ya wiki za mwanzo walipima tena makohozi yangu, wakakuta vijidudu havionekani, kwa hiyo sikuwa naambukiza mtu. Hayo yote nilimweleza kaka, taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto darasani kabla sijastaafu. Alichokisikia yeye ni jina la ugonjwa tu.

"Wakijua nyumba yetu ina kifua kikuu, nani atampa kijana wangu mke?" alisema. Nami naishi uani kwake, chumba cha nyuma. Muuguzi alikuwa ameomba watu wote wa nyumba ile waende wakapimwe, yeye, mkewe na kijana wao akija likizo. Kaka alikataa. Alisema wakionekana wamepanga foleni pale, mji mzima utajua kabla hawajafika nyumbani. Kila nilipomkumbusha alipandisha sauti ya redio.

Ndiyo sababu hakutaka nitamke lolote kule Dindira kwa wakwe. Na kumtafuta mpishi wa uongo haikuwezekana, maana kijana mwenyewe alikwishajisifu kwa wakwe zake: shangazi yangu anapika pombe nyeusi, hamjawahi kuionja. Wifi alijitolea aseme ameipika yeye, lakini wifi hajui hata kimea kinaanzia wapi. Angeulizwa swali moja tu tungeumbuka.

Pombe yenyewe aliiomba kijana. Anafanya kazi Dar es Salaam, na huko alizoea bia nyeusi yenye uchungu. Akaniambia, "Shangazi, hii unaweza kuipika wewe, tena ukaishinda." Akaniletea mfuko wa maua makavu ya kijani yanayoitwa hopsi, ambayo viwanda hutumia kutia bia uchungu na harufu. Nilifungua nikanusa, nikasikia kama majani ya mchungwa yaliyopondwa pamoja na nyasi kavu. Nilipotafuna petali moja, uchungu wake ulikaa kooni mpaka wakati wa chakula. Nikasema sawa, nimekuelewa, niachie.

Kama hujawahi kupika pombe ya nafaka, usiogope, si uchawi. Unaloweka mtama mwekundu mpaka ushibe maji, unautandaza juu ya gunia, unaufunika kwa majani ya migomba na kuunyunyizia maji asubuhi na jioni. Mtama ukichipua vimizizi vyeupe, tayari unaelekea kuwa kimea. Unauanika juani ukauke kabisa, unaufikicha mizizi itoke, unausaga. Wengi wanaharibu hapo kwa haraka. Kimea kisichokauka vizuri kinaota ukungu, na ukungu hauondoki kwa kuchemsha wala kwa kuomba.

Weusi unatoka mahali pengine. Nilichukua mtama ambao haukuoteshwa, nikaukaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, nikigeuza bila kuacha, mpaka ukafika rangi ya kahawa na jikoni kukanukia ukoko wa mkate. Ukiacha kidogo tu, unapata mkaa, na mkaa hauna utamu. Jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye hajawahi kugusa pombe na hataigusa, ndiye aliyenishikia kikaango mkono wangu ulipochoka. "Harufu siyo dhambi," alisema. Kinu chake ndicho tulichotwangia.

Unga ule mweusi nilipika nao uji mzito pamoja na unga wa mahindi, nikauacha upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia kwa shida, ndipo nikakoroga unga wa kimea ndani yake. Hapa ndipo penye maajabu, na nimewaonyesha watu wengi sasa. Uji uliokuwa unashika mwiko unaanza kulegea wenyewe. Ukionja, ni mtamu, na hukutia sukari. Kimea ndicho kinachougeuza wanga kuwa sukari, lakini ukikitia kwenye uji unaochemka unakiua, na utakaa na uji wako mzito ukilaumu majirani. Hapo bado hakuna kilevi, kwa hiyo niliruhusiwa kuonja, nami nilionja kwa furaha yangu yote.

Nikachuja machicha, nikawapa kuku. Maji matamu nikayarudisha motoni na hopsi ndani yake, yakachemka mpaka nyumba nzima ikanukia yale maua. Nikayapoza, nikatia hamira, nikafunika ndoo kwa kitambaa safi. Kesho yake povu la rangi ya kahawia lilikuwa limenyanyua kitambaa.

Kuanzia hapo sikuweza tena kuonja. Nilipika kwa pua na kwa sikio, nikisikiliza ndoo ikinong'ona mpaka ikatulia. Kwa ulimi nilimtumia kijana, aliyekuwa likizo. Anaonja, namuuliza. Imechachuka? Hapana. Uchungu unakaa mbele ya ulimi au nyuma? Nyuma. Utamu upo? Upo kwa mbali, shangazi, kama chokoleti. Nikajua imeiva. Sijawahi kupika kitu kwa uangalifu vile, na sikuijua ladha yake.

Basi hiyo ndiyo kazi ambayo kaka alitaka niifunge kwa uongo wa kuokoka juzi.

Tulipita Korogwe kumchukua mshenga, tukaanza kupanda. Njia ile ya milimani ina makorongo, na ndoo zililegezwa vifuniko ili zisipasuke kwa gesi. Nilizishika kwa miguu na mikono safari nzima. Tulipofika juu kulikuwa na ubaridi, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, na wenyeji wamevaa masweta. Walitupokea vizuri sana, nataka niseme hilo. Tuliamkiana kwa utaratibu, shikamoo na marahaba zikazunguka chumba kizima, tukaketishwa kwenye viti vya plastiki, binti akiwa chumba cha ndani kama inavyotakiwa. Chai ilinywewa. Mshenga akasema maneno yake. Ndoo zikaletwa katikati.

Mjomba wa binti, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alifunua kifuniko akachungulia.

"Hii mmeikinga chini ya lori la chai?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ilikuwa nyeusi kweli kama oili ya kumwaga.

"Mjomba, ni rangi ya mtama uliokaangwa," mshenga akasema.

"Nasikia inanukia vizuri. Lakini na mimi nikifa nitanukia vizuri, watanipaka marashi. Mpishi aje."

Nikaenda nikapiga magoti. Nikachota kata moja, povu likajaa juu, nikaishika kwa mikono miwili. Nikamnyooshea mjomba.

Hakupokea. "Anza, mama."

Nikabaki nimeishika. Nyuma yangu kaka akakohoa kikohozi cha kutafuta sauti. "Mjomba, utusamehe. Dada yangu ameokoka."

Kisha mke wa mjomba, aliyekaa karibu na mlango wa jikoni, akauliza, "Ameokoka kabla ya kupika au baada?"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mwingine akadakia, "Anawapikia wenye dhambi, yeye anakwenda mbinguni." Hata mshenga alificha uso kwa mkono. Nilihisi masikio yananichoma, na si kwa sababu yao. Wao walikuwa na haki ya kucheka.

Mjomba alikuwa wa kwanza kuacha. Alivua miwani. "Mimi sina neno na wokovu. Lakini mmeniletea kitu cheusi ambacho sikijui, na aliyekipika hataki kukiweka mdomoni. Ningekuwa mimi nimewaletea ninyi, mngekunywa?" Akachukua kifuniko, akafunika ndoo. "Basi rudini na mzigo wenu. Mkiwa tayari, mtakuja."

Kijana wetu alikuwa amekaa mwisho wa safu akiangalia viatu vyake. Posa ilikuwa inatoka mlangoni mbele ya macho yake, na binti alikuwa anasikia yote nyuma ya pazia. Ndipo kaka akainama sikioni mwangu, na pumzi yake nikaisikia shingoni.

"Kunywa tu. Funda moja haliui."

Nimeandika sentensi ile hapa ili niione tena. Mtu aliyeishi nami uani, aliyeniona nikitapika vidonge asubuhi wiki ya kwanza, aliyekataa kuvuka barabara kwenda kupimwa, alikuwa tayari niweke ini langu rehani ili asitamke herufi mbili. Na alinong'ona kwa upole, kama anayenikumbusha adabu.

Nikaiweka kata chini.

"Mjomba," nikasema, "mimi sijaokoka. Nina dawa za TB. Niko katikati ya dozi, na daktari amenikataza pombe mpaka nimalize. Pombe hii nimeipika mwenyewe, imechemka motoni mpaka maji yake yamepungua, na mikono yangu ni safi. Kama ni kuturudisha, turudishe kwa jambo hilo la kweli."

Sikuwa nimepanga kuongea kwa sauti kubwa, lakini niliongea hivyo.

Mke wa mjomba akavuta khanga yake mpaka puani. Mwanamke mwingine akaiokota kata kwa ncha ya khanga, kama anaokota panya aliyekufa, akatoka nayo. Wakafungua madirisha yote, jambo ambalo hata mimi ningewashauri. Kisha kiti changu kikabebwa kikawekwa barazani, na mimi nikaombwa nikifuate. Waliniomba kwa heshima: "Mama, hapa nje kuna hewa nzuri." Wao wakaenda nyuma ya nyumba kushauriana.

Kaka akatoka barazani. "Umeua ndoa ya mtoto."

"Mtoto anajua hali yangu tangu nilipoanza dawa. Wewe ndiye usiyetaka kujua."

"Maneno mengi. Ualimu haukutoki?"

"Baba," kijana akasema kutoka mlangoni, "mwache shangazi." Kisha akaleta kiti chake akakaa karibu nami, wala hakukisogeza mbali.

Waliporudi, mjomba alisimama dirishani ili nasi wa barazani tusikie. Alisema wamesikia, na ugonjwa si kosa la mtu. Lakini binti yao hataingia katika nyumba ambayo watu wake hawajapimwa. Wote waliolala ua mmoja na mimi waende hospitali, mshenga awe pamoja nao, majibu yaje Dindira. Kabla ya hapo, hata pombe ikinywewa, hawapokei wala hawakatai.

Ilisemwa kama adhabu. Watu waliguna kwa kutuonea huruma. Na mimi, huko barazani, nilishindwa kujua nicheke au nipige kelele, maana lile sharti ndilo lile lile ambalo muuguzi aliliomba kwa upole, na mimi nikaliomba kwa upole, miezi yote ile. Kumbe kaka alihitaji kuambiwa na wakwe, kwa kufedheheshwa, mbele ya ndoo za pombe.

"Na hii?" mshenga akauliza, akionyesha ndoo.

"Hii inahitaji mwonjaji," mjomba akasema. "Mpishi amekatazwa na daktari, tumemsamehe. Ataonja aliyetuambia dada yake ameokoka."

Sasa unapaswa kujua kwamba kaka yangu hapendi kitu kichungu. Mchicha wenye uchungu anaukataa, bilinganya anaziondoa pembeni ya sahani. Alipewa kata nyingine, imejaa, akapiga magoti palepale nilipokuwa nimepiga mimi. Akanywa funda, macho yakamtoka.

"Haya, mkwe, malizia," mjomba akasema. "Umetoka mbali."

Akamaliza. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Mjomba naye akapokea, akanywa, akalamba mdomo. "Chungu," akasema. "Halafu inarudi." Akaniuliza kupitia dirisha uchungu ule ni wa mti gani, nami nikamweleza habari ya hopsi. Na kwa kuwa nilikwishaanza, nikaeleza na mengine. Kwamba kifua kikuu hakikai kwenye kikombe wala kwenye kata, kinasafiri kwa hewa kutoka kwa mtu anayekohoa ambaye hajatibiwa. Kwamba aliyeanza dawa na kupimwa kama mimi si wa kuogopwa, wa kuogopwa ni yule anayekohoa mwezi mzima akinywa tangawizi. Nilifundisha dirisha lile kama darasa. Wanaume kadhaa walisikiliza kata mkononi. Mzee mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, kama jasho la usiku nalo ni dalili. Nikamjibu ni dalili, nikamsihi asisubiri, akapimwe wiki hiyo hiyo.

Lakini pia niliwaona wanawake wa jikoni wakimwaga vikombe vyao kwenye migomba, mmoja baada ya mwingine, wakidhani ukuta umeniziba nisiwaone. Pombe niliyoikaangia mtama mpaka mkono ukafa ganzi. Wale sikuwaambia kitu. Nilikuwa mgeni.

Wiki iliyofuata, kaka, wifi na kijana walikwenda kliniki. Mshenga alikaa nao kwenye benchi kama alivyoagizwa. Kaka alipewa kikopo cha makohozi, akaenda kukohoa nyuma ya jengo kama wengine wote, na mji haukuanguka. Aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ni fundi wake wa pikipiki. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua. Muuguzi alipowasomea majibu, wote watatu walikuwa salama.

Mshenga akapandisha majibu Dindira, akashuka na jibu la wakwe. Posa imepokelewa. Harusi baada ya mavuno. Ila kulikuwa na ombi, na alilisema akiangalia sakafu: kwa pombe ya harusi, tutafute mpishi mwingine, ili wageni wasipate wasiwasi.

Kaka akasema haraka, "Hilo si neno. Tutatafuta."

Nikamwambia mshenga akae, nikamwekea chai, kisha nikamweleza polepole ili asikosee atakapolipeleka. Dozi yangu itaisha kabla ya mavuno. Cheti cha kumaliza nitakibeba mwenyewe, na mjomba akitaka nitamsomea. Nitapika pombe ile ile, nyeusi ile ile. Nitapiga magoti mbele yake na kunywa kata nzima, si funda. Asiyetaka atakunywa soda, nazo zitakuwepo. Lakini mpishi mwingine hatatafutwa. Kumtafuta ni kusema kwamba mtu akipona bado ni mgonjwa, na neno hilo mimi sitalisaini kwa kimya changu.

"Dada, unataka kugombana na wakwe?" kaka akauliza.

"Sigombani nao. Nawajibu."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Akamwambia mshenga, "Waambie na mimi nimesema hivyo hivyo. Na yeye huko kwao anajua, nimeshaongea naye." Aliyemaanisha ni binti.

Mshenga alimaliza chai yake, akarudia ujumbe wote mara moja ili nimsikie. Aliacha neno moja, nikamrudishia. Akavaa kofia, akaenda stendi.